Kona ya Nane

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, kama kuteguka mkono ni uzima. Wewe je, kifua kimepoa? Haya, salamu zimeisha.

Jumanne niligonga daraja la reli. Nilibeba mtambo wa kiwanda, mita nne na nusu kutoka lami, na daraja lina mita nne. Njia ile sikuwahi kuipita. Ndiyo maana wiki nzima nilipigia simu ofisi za barabara kuulizia madaraja, kisha nikakaa kwenye kompyuta kuvuta mstari wa ramani ya mtandaoni kona kwa kona, nikakutumia linki. Ukaipitisha kwenye kigeuzi chako, ile programu ya kugeuza ramani, ukanirudishia faili la GPS, nikalitia kwenye kifaa cha gari kama nilivyofanya miaka yote hii miwili. Kifaa kikasema nyoosha. Nikanyoosha. Kuja kuliona daraja, nimeshaanza mteremko, na tani ishirini hazisimami kwa breki na maombi.

Nimelifungua lile faili. Nilivuta kona nane. Haimo hata moja. Umezipeleka wapi?

Dada yako

Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana na mkono. Kifua changu kimepoa, asante.

Mwezi wa pili nilikiboresha kigeuzi. Watu wanavuta mstari ovyo, kidole kinateleza, njia inaruka mtaa wa pili. Faili zilikuwa nzito na waendesha baiskeli wanaokitumia walilalamika. Kwa hiyo sasa kinachukua mwanzo na mwisho wa kila safari tu, kisha kinaiuliza ramani njia nzuri. Yako niliiona. Kona nane zinaacha barabara safi bila sababu. Nilidhani kipanya kimekuponyoka, wajijua wewe na kompyuta. Nikasahau kukwambia, hilo nalikubali. Lakini kwa heshima zote, dada, dereva ana macho.

Mdogo wako

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono una plasta, naandika kwa wa kushoto, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Kipanya kiliniponyoka mara nane? Nimeendesha trela miaka kumi na tisa na wewe huwezi kurudisha gari dogo nyuma bila kukanyaga maua ya watu. Hicho kigeuzi nilikuomba mimi, kwa sababu nilichoka kuandika kona kwenye karatasi na kuzibandika juu ya usukani. Umekitengeneza kwa ajili yangu, halafu umeniona mjinga ndani yake. Nimekasirika mpaka plasta inaniwasha.

Sikiliza. Kamati ya leseni inakaa tarehe 28. Wanasema nilikata njia kwa makusudi ili niwahi, na wanataka leseni yangu ya magari makubwa. Nataka karatasi moja yenye sahihi yako: kwamba nililizunguka lile daraja kwenye ramani, na wewe ukaiondoa kona bila kunijulisha. Mistari mitatu inatosha. Sikuombi kingine.

Dada yako

Tarehe 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mkono unaendelea vizuri.

Nimelitafakari ombi lako. Kuna kampuni inataka kukichukua kigeuzi, na mimi niende nacho. Nikiandika kwamba kiligongesha trela, mlango huo umefungwa, na milango ya namna hii hainifungukii kila siku. Nimeambatanisha barua ya kiungwana. Inasema taarifa za ramani hubadilika na mtumiaji anashauriwa kuihakiki njia mwenyewe. Naamini itakusaidia.

Mdogo wako

Tarehe 29 Machi

Mwenyekiti aliisoma barua yako kwa sauti mara mbili. Ya pili alikuwa ananitazama usoni. Leseni imekwenda mwaka mzima. Kazini nimepelekwa stoo, kupanga matairi. Usiniandikie.

Mtumiaji

Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo, kama bado waipokea. Najua ulinikataza.

Wiki iliyopita nilichapisha ule mstari wako, nikapanda basi, nikaenda kuzitazama kona. Ya kwanza inakwepa nyaya za umeme zilizolegea. Nilisimama chini yake, hata mimi nilitaka kuinama. Ya pili inaikimbia shule saa ya watoto kutoka. Ya tatu ni lile daraja. Nilikaa pale chini, nikaona mchubuko wa rangi ya trela lako kwenye chuma, nikashindwa kula mkate niliobeba. Ya nne na ya tano, kingo za barabara zimemeguka. Ya sita sikuielewa mpaka fundi baiskeli mmoja akaniambia mvua ikinyesha pale pote ni tope. Ya saba inakwepa daraja la mbao.

Nimeona haya, dada. Nilikosea mimi, halafu nikakuuza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi uliyoitaka, imepigwa muhuri na wakili. Ile kampuni nimewapa nakala. Hawajanijibu, wala hawatanijibu. Kigeuzi sasa hakigusi kona ya mtu. Nenda ukate rufaa.

Iliyobaki ni ya nane. Iko safari ya kurudi, gari likiwa tupu. Inaacha barabara kuu, inazunguka mtaa wangu, inapita nyuma ya nyumba ninayokaa, inarudi barabarani. Hakuna daraja wala tope. Nimeangalia linki zako zote za miaka miwili, imo katika kila moja. Hiyo kweli si mkono kuteleza?

Mdogo wako

Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Plasta imetoka, mkono bado mgumu asubuhi. Karatasi nimeipeleka. Rufaa imepokelewa, itasikilizwa mwezi ujao, na wakili wa chama cha madereva anasema leseni itarudi.

Usidhani tumepatana. Ulijua ukweli tangu mwezi wa tatu, na nimepanga matairi siku sitini na tano za kazi.

Kuhusu ya nane. Mwaka juzi uliniambia nisisimamishe trela mlangoni kwako, majirani wataonaje. Nikakubali. Nikawa nazungukia nyuma, napunguza mwendo, nalitazama dirisha lako la jikoni. Likiwa wazi, najua u mzima, naendelea na safari. Dakika sita kila safari, na kwenye ripoti nilikuwa naandika foleni.

Zile saba zirudishe kwenye faili langu kama zilivyokuwa. Ya nane usihangaike nayo. Nimeifuta mwenyewe.

Dada yako