Farasi Mpole Aliyelowa Jasho

Shoga, uko? Nimetoka kununua farasi wangu wa kwanza.

Muuzaji aliniambia kwenye simu, "Dada, huyu ni mpole, hata mwoga kama wewe atampanda." Mwoga kama wewe!

Sasa mimi na woga wangu nikafika mapema, nizoeane naye kwanza. Namkuta kalowa jasho chini ya tandiko, anahema, kichwa chini. Kumbe wamemkimbiza asubuhi nzima ili nikifika awe hoi! WAMEMCHOSHA, shoga! Huo ndio upole wenyewe!

Nikamwambia muuzaji, "Haya, panda wewe kwanza nione." Akashika kiuno. "Mgongo unanisumbua, dada." Mgongo! Na nimemkuta kabeba gunia la pumba begani!

Nikaegemea nyuma, nikamtukana mpaka nikaishiwa. Kumbe nimeegemea ubavu wa farasi jike mzee, wao wa kubebea majani, aliyesimama nyuma yangu. Katulia tu. Mara akakojoa, viatu vyangu chapachapa, na mimi mwoga wako wala sikuruka.

Nimemchukua huyo. Viatu nimemwachia muuzaji.