Sukari Waliyonitafutia Kibiti

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Nimefagia uwanja, nimechota maji, Zuhura bado kalala. Binti yangu, miaka arobaini! Nimekuja Kibiti kumtazama wiki moja tu, nirudi kwangu Mbwera. Mpunga unakomaa na ndege hawana adabu.
Alipoamka kaanza. Ati nasinzia nikishakula, nanywa maji mno, nikapimwe sukari. Ikionekana, kwangu sirudi tena, shamba apewe mdogo wangu. Huku nikae nifanye nini? Nihesabu bodaboda?
Marehemu dada yangu alikatwa mguu kwa sukari. Naogopa. Zuhura simwambii.

Jumanne, tarehe 5
Kituo cha afya. Muuguzi binti mdogo, mtu wa bara, mpole. Kaanza, "Bibi, kesho uje hujala, yaani tangu..." Nikamkatiza. Nafunga Ramadhani tangu sijavunja ungo, yeye anifundishe kukaa na njaa?

Jumatano, tarehe 6
Kanidunga kidole. Saba nukta nane. Kasema kwa mtu ambaye hajala iko juu, ila kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Nirudi Ijumaa.
Nikamwambia kimashine chake kibovu, akakitupe. Foleni nzima ilisikia.
Zuhura keshampigia simu mdogo wangu, shamba achukue. Wamenizika hata kuoshwa sijaoshwa.
Nimelia chooni.

Alhamisi, tarehe 7
Jioni naweka wali wa nazi kwenye bakuli, tende tatu pembeni. Zuhura kanikuta.
"Mama, hiyo ya nani?"
"Daku yangu. Kesho si napimwa?"
Kanikodolea macho. "Na jana ulikula daku?"
"Kabla ya adhana ya alfajiri, na chai ya sukari juu yake. Mtu atafungaje bila daku?"
Kakaa chini, kacheka mpaka khanga ikamfunguka.
Kumbe funga ya hospitali haina daku. Tangu usiku mtu hali kitu, labda maji matupu. Ndiyo yale binti wa watu alitaka kusema nikamziba mdomo.
Kosa langu. Hapa naliandika. Kwa mdomo sijui kama litatoka.

Ijumaa, tarehe 8
Tangu isha sijatia kitu kinywani. Kidole kingine.
Tano nukta moja!
"Sukari huna, bibi." Nikamwambia arudie kwa sauti, Zuhura asikie. Karudia.
Nikasimama mbele ya foleni. Nikasema kimashine kizima, mbovu nilikuwa mimi, nilikula daku. Wamecheka. Na wacheke. Babu mmoja benchini kauliza, "Kwani haifai?" Hakungoja jibu, kachukua kofia yake kaenda zake.
Muuguzi kasema chai nitie kijiko kimoja badala ya vitatu, na mwakani nipimwe tena. Tumeelewana kimoja na nusu. Binti mzuri yule, apate mume.
Mdogo wangu nimempigia mwenyewe. Toka shambani kwangu.

Jumapili, tarehe 10
Nipo kwangu. Mdogo wangu kaondoka bila kuaga, atanuna mpaka mavuno. Mpunga wa upande wa mtoni umeinamisha vichwa. Nimekaa juu ya dungu, nalinda ndege. Nimetupa udongo mara mbili tatu, ndege wameruka, wametua kwa jirani. Upepo mdogo. Tangu asubuhi sijasema na mtu.