Mteja kwa Herufi Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa mzigo! Kurasa mia mbili na kumi na mbili, zimefungwa kwa utepe mwekundu, zikabebwa na wanaume wawili kana kwamba ni jokofu. Mkuu wa kitengo akanionyesha, akapangusa mikono, akasema ni kazi ya kawaida tu, dada, usiogope. Miaka ishirini na sita niko kwenye kitengo hiki cha tafsiri. Kila anaponiambia usiogope, najua la kuogopa lipo.

Ni mkataba. Serikali upande mmoja, kampuni ya kigeni upande wa pili. Kampuni italipatia jeshi letu setilaiti, kamera za mpakani, ramani, na programu ya kompyuta inayosoma ripoti za askari na kusema adui yuko wapi. Sheria inataka kamati ya wabunge iusome kwa Kiswahili kabla ya kupiga kura. Siku saba nimepewa. Saba!

Nimesaini karatasi ya siri: nisimwambie mtu yeyote, hata mume. Shajara haikutajwa. Nimeisoma karatasi mara mbili kuhakikisha — shajara haimo.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa ishirini na tano. Nimegundua jambo. Ukurasa wa kwanza nchi yetu imetajwa kwa jina lake kamili, Jamhuri na kila kitu. Halafu: "ambayo kuanzia hapa itaitwa Mteja." Basi. Jina limeondoka, halirudi tena. Mteja atakiri. Mteja hataruhusiwa. Mteja anaelewa kwamba.

Nimejaribu kuimba wimbo wa taifa kimoyomoyo nikiweka "Mteja" penye jina la nchi. Nimecheka mpaka machozi. Bi Koma akaniuliza kama nimekula. (Ndiye msahihishaji wetu, meza ya pili, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuona sentensi asiyotamani kuitia koma.)

Tumebishana naye nusu saa. Kampuni inajiita kwa Kiingereza neno ninaloweza kulifasiri mshirika au mwenzi. Mimi niliandika mwenzi. Bi Koma: mwenzi ni wa ndoa, mwenzangu, weka mshirika. Nikaweka. Mchana tukafika mahali palipoandikwa kwamba Mteja hatazungumza na kampuni nyingine yoyote bila ruhusa. Bi Koma akasoma, akavua miwani, akasema: haya, rudisha mwenzi.

Jumatano, 5 Machi

Macho yanawaka. Kurasa sitini na mbili.

Nimempigia simu Brigedia ambaye jina lake limeandikwa kama mtu wa kuulizwa maswali. Sauti nzito, adabu nyingi. Nilitaka kujua askari wanakiitaje kile chombo cha kupokelea mawimbi ya setilaiti. Akasema rasmi ni kipokezi. Wenyewe wanaita sahani. Nimeandika kipokezi. Moyoni, sahani.

Kabla ya kukata simu akauliza kama naufurahia mkataba. Amesema yeye ameusoma mara tatu kwa Kiingereza na umeandikwa vizuri sana. Nikamwambia ndiyo, Afande, vizuri sana. Kweli umeandikwa vizuri. Unateleza kama sabuni!

Alhamisi, 6 Machi

Kifungu cha 41.

Sentensi moja, mistari kumi na moja, na kitenzi kimejificha mstari wa tisa kama paka aliyeiba samaki. Kuna "pale ambapo", kuna "bila kuathiri", kuna "kwa kadiri itakavyoonekana inafaa". Nikaikata vipande. Nikavipanga mezani. Vikatoka hivi:

"Kampuni inaweza kuzima huduma yoyote, mahali popote nchini, wakati wowote. Haitalazimika kutoa sababu. Haitalazimika kutoa taarifa mapema."

Nikajua nimekosea. Nikarudia kwa kamusi. Nikarudia bila kamusi. Nikampa Bi Koma Kiingereza peke yake, bila kumwambia kitu, afasiri kwenye karatasi yake. Akaleta maneno yaleyale — na koma nne.

Tukatazamana. Akaniuliza kwa sauti ndogo: yaani jeshi linakuwa na macho, lakini kope anazo mwingine?

Nikatoka kutembea. Nimezunguka jengo mara mbili. Mlinzi wa getini akanipigia saluti mara zote mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea mkuu wa kitengo. Alisoma amesimama, kisha akakaa. Si mtu mbaya, niandike hilo. Alinifundisha kazi. Lakini amebakiza mwaka mmoja astaafu na anautembelea kwa ncha za vidole.

Akasema, dada, hii si kali mno? Nikasema ndivyo ilivyo, mkuu. Akashauri niweke "kurekebisha upatikanaji wa huduma". Nikamwuliza: ukirekebisha upatikanaji wa taa mpaka chumba kiwe giza, umefanya nini? Akasema umerekebisha. Kisha akacheka mwenyewe, masikini, mpaka mabega yakatikisika. Akanirudishia karatasi. Amesema anataka kuiona Jumatatu, na niende nayo nyumbani nikaifikirie.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu amenishuku! Fundi saa, mtu wa kutazama vidude vidogo kwa jicho moja siku nzima — leo kanigeuzia lile jicho. Anasema sili vizuri, naongea peke yangu bafuni, nimeficha kitu. Akaweka bisibisi chini. Akaniuliza taratibu kama nina mimba.

Miaka hamsini na miwili! Nilicheka nikakaa sakafuni. Yeye naye akacheka, ila nikaona amepumua.

Nikamwambia ni kazi, siwezi kusema. Nikamwuliza swali la pembeni: mtu akikuletea saa umtengenezee, halafu ukabaki na uwezo wa kuisimamisha ukiwa kwako, ni saa ya nani? Akafikiri. Akasema hiyo si saa yake tena, huyo amejinunulia bangili.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu amepiga. Kitinda mimba wetu, askari, yuko kambi ya mpakani mwaka wa tatu. Kila Jumapili hupiga kuniambia ameshiba hata kama hajashiba.

Leo, bila mimi kumchokoza — naapa sikumchokoza — akasema: dada, mwezi jana tulichekesha huku. Kumbe wamewekewa vifaa vya majaribio vya kampuni hiihii ya mkataba wangu. Siku moja asubuhi skrini zote zikawa nyeusi. Kapteni akapiga simu makao makuu, makao makuu wakapiga simu ng'ambo, jibu likaja: subirini. Wakasubiri mpaka jioni. Ikabidi wampandishe koplo mlimani na darubini ya zamani. Akashuka pua imebabuka jua, akatoa ripoti kwa ukakamavu: mbuzi arobaini na mmoja, wote raia wema.

Nimecheka sana. Kisha nikamwuliza, na kama siku ile walioonekana wasingekuwa mbuzi?

Nikasikia upepo kwenye simu. Akasema, dada, msalimie shemeji.

Nilimbeba mgongoni huyu. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Nimefungua faili la kazi hapa mezani, nikaangalia kifungu cha 41 kwa muda mrefu. Sikubadilisha hata herufi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekabidhi. Mkuu wa kitengo alifungua moja kwa moja kwenye kifungu kile. Akasoma. Akaitazama kalamu yake kama mtu anayetazama ngazi ndefu. Nikamwambia, mkuu, kama utaweka neno lako, liwe na saini yako peke yake. Hili langu litakuwa na saini zetu zote mbili. Sijui nilipata wapi ujasiri!

Akasaini. Shingo upande, lakini akasaini. Akasema nimemzeesha mwaka mzima, sasa anaweza kustaafu leo.

Bi Koma amenikumbatia. Tumekula biskuti zake zote za droo ya chini, zile ambazo siku zote husema zimeisha.

Jumanne, 11 Machi

Kimya. Hakuna aliyepiga. Nimefasiri barua ya chama cha wafuga nyuki. Tamu.

Jumatano, 12 Machi

Brigedia amekuja MWENYEWE. Hakupiga simu, hakumtuma mtu. Mlango ukafunguka, akaingia mtu mrefu wa magwanda na mkataba wangu kwapani. Bi Koma akasimama, mimi nikasimama, hata mkuu wa kitengo ukumbini nilimwona amesimama. Akatuomba tukae. Akavuta kiti cha wageni, kile kibovu, akakaa kwa tahadhari.

Akasoma kifungu kwa sauti, taratibu. Kisha:

"Mama, hii ni kweli, au ni Kiswahili chako?"

"Ni kweli, Afande. Kiswahili kimekivua koti tu."

Akacheka! Kicheko kikubwa, kiti kikalia. Kisha kicheko kikakatika ghafla na akabaki anaangalia kofia yake. Akasema alisoma ule wa Kiingereza mara tatu na kila mara akafika mwisho akiwa na furaha. Jana usiku kwenye kamati mbunge mmoja, mkulima, hajui Kiingereza, akanyoosha mkono akauliza swali moja tu: nani anashika swichi? Kura imeahirishwa.

Nikaogopa. Nikauliza kama nimeharibu. Akasema, mama, vijana wangu walikaa siku nzima bila macho mwezi jana, na mimi niliandikiwa kuwa ni matengenezo, nikaamini, nikawaandikia wao kuwa ni matengenezo. Hukuharibu kitu.

Kesho wahusika wote wanakutana mezani. Kampuni inakuja na mkalimani wake. Brigedia anataka wa kwetu. Mimi! Sijawahi kukalimani mbele ya watu zaidi ya ishirini. Mume wangu amenipigia pasi gauni la bluu bila kuuliza lolote. Anajifanya hajui. Anapiga pasi huku anapiga mluzi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia chooni, cha wanawake, ghorofa ya tatu. Tumepewa mapumziko na siwezi kusubiri mpaka nyumbani.

Meza ndefu. Mwenyekiti ni Katibu Mkuu wa wizara, mama mdogo wa umbo, sauti ya mwalimu mkuu. Kulia kwake Brigedia. Ng'ambo ya meza, mjumbe wa kampuni. Nilitarajia jitu la kutisha — ni kijana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, raba nyeupe, hana tai. Majenerali wawili walisimama kumsalimia. Na ni mtu mzuri! Aliona naongea bila kupumzika, akanisogezea maji yake. Pembeni yake mkalimani wao, kisha mzee mwenye tai, ofisa wa ubalozi wa nchi inakotoka kampuni, na msaidizi wake.

Kijana akasema kifungu cha 41 ni maneno ya mawakili tu, hakijawahi kutumika. Nikafasiri. Brigedia akataja tarehe ya mwezi jana, kambi, na saa. Nikafasiri, na jina la kambi likawa lile la mdogo wangu. Kijana akasema yale yalikuwa maboresho. Katibu Mkuu akauliza: nani aliamua siku iwe ile?

Kwa kweli nadhani kijana hajui. Akaomba apige simu.

Mimi nilifikiri anaipigia serikali yake. Anampigia mwenye kampuni! Akarudi ameona haya: mwenye kampuni yuko angani, kwenye ndege yake, atatua baada ya dakika arobaini. Hakuna mwingine anayeweza kujibu. Katibu Mkuu akaangalia saa ya ukutani. Kwa hiyo hapa tulipo — Katibu Mkuu, Brigedia, majenerali wawili, ubalozi, mimi na gauni la bluu — tunasubiri mtu mmoja ateremke ngazi za ndege.

Katibu Mkuu akamgeukia mzee wa ubalozi: je, serikali yako inaweza kumzuia mwenye kampuni asituzimie mitambo? Mzee akatoa jibu refu la kuzungukazunguka, eti serikali yake inaheshimu sana kampuni binafsi. Nikalifasiri lote, na urefu wake wote.

Lakini watu walipoanza kusimama, akamwinamia msaidizi wake akanong'ona. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake, naokota kalamu. Nikasikia kila neno. Amesema: nimzuie vipi, jeshi letu lenyewe limesaini kifungu hichohicho, tofauti ni namba yake tu.

Nilidhani kope ziko kwa serikali yao. Kumbe nao—

Sasa sijui. Mkalimani hufasiri linalosemwa mezani. Lile halikusemwa mezani. Lilisemwa sikioni kwa mtu mwingine, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Lakini nimelisikia kwa masikio haya, na mdogo wangu yuko kule mlimani.

Mlango umefunguliwa. Ni Katibu Mkuu. Amevua kiatu kimoja, anajikanda kidole, ananitabasamia kana kwamba sisi ni wanawake wawili waliokutana harusini. Anaosha mikono. Ananiangalia kwenye kioo.

Ameuliza: "Mama, yule mzee wa ubalozi amenong'ona nini?"

Nimemwomba anipe nafasi nimalizie mstari huu. Amefunga bomba la maji, ameegemea ukuta, na anangoja.