Mukwe Muvivu Amegeuzwa Kilio

Jumamosi, Bunia. Mvua imenyesha asubuhi yote, na mimi nina hasira.

Ninatunga muziki na kuuweka kwenye maktaba moja ya mtandaoni, ambako watu wa filamu huchagua sauti za kuweka chini ya picha zao. Ndiyo kazi niliyoitamani tangu shuleni. Leo, mara ya kwanza, nimesikia wimbo wangu ndani ya filamu, mbele ya watu.

Heri nisingeusikia.

Niliurekodi na shangazi yangu, Mama Rejine, aliyekimbia vita Djugu akaja kukaa kwetu. Ni wimbo wa harusi wa kwao, kwa lugha yao: wanawake wanamcheka mukwe muvivu, jembe lake halijawahi kugusa udongo. Nikaongeza gitaa. Wale wa maktaba wakaubandika jina lao, "Kilio cha Afrika". Nilipolalamika, wakajibu kwamba kilio kinatafutwa sana.

Wajinga.

Basi leo, kwenye ukumbi wa parokia, bwana mmoja kutoka Goma ameonyesha filamu yake juu ya wakimbizi. Miwani ya jua ndani ya nyumba, siku ya mvua! Kwenye picha, watoto wanabeba maji kwenye matope. Sauti ya shangazi ikaingia, na chini yake maandishi ya Kifaransa: mama analilia wafu wake.

Ukumbi umejaa watu wa Djugu. Wote wakaangua kicheko.

Bwana akasimamisha filamu. "Munacheka nini? Hamuna huruma?"

Shangazi akainuka. "Ile sauti ni yangu, Monsieur. Naimba mukwe muvivu. Jembe yake iko safi kama sahani."

"Haina shida, Mama," akajibu. "Kule filamu inaenda, hakuna mutu atasikia luga yenu."

Alisema hivyo bila haya, kama anayebembeleza mtoto. Kisha, aliposikia kwamba gitaa ni langu, akanishika bega: nimtungie muziki wa filamu yake ijayo, yote, wa namna ileile. Filamu nzima! Nimeiombea nafasi kama hiyo miaka na miaka. Sikumtemea mate. Nilisema nitafikiri, na sauti yangu mwenyewe ikanichukiza.

Tukarudi kwa miguu. Shangazi hakuwa anacheka tena.

"Ule mutoto wa kwanza mu filamu, namujua," akasema. "Ni wa jirani yetu. Mama yake tulimuzika njiani."

Nikamshika mkono tukavuka dimbwi.

"Kilio niko nayo, mwanangu. Hakuna mwenye aliniuliza. Na hata waniulize, ile si ya kuuzisha."

Nimefika nyumbani nikamwandikia bwana neno moja: hapana. Kesho nitawaandikia wale wa maktaba waondoe wimbo. Watakataa, najua, na nitaandika tena.

Je, nafasi nyingine itakuja? Huenda isije kabisa.

Simu inaita. Ni yule bwana wa Goma. Sishiki.