Nyasi za Mama

Mama Mushumbusi,

Maji yako jikoni. Yakichemka, yamwage kwenye viungo vya kitanda chetu, kisha pakaza mafuta ya taa kwa unyoya. Godoro lianike juani.

Asubuhi nilichoma nyasi ambazo mama yangu alituletea na kututandikia sebuleni kwa desturi ya kwetu, nikidhani ndimo walimo kunguni. Akasema taratibu, "Sema tu, mwanangu, kwamba nimewaletea wadudu." Akabeba kikapu chake, akaenda zake Muleba bila hata uji. Baadaye ndipo nikawakuta tele kwenye hicho kitanda cha Mzungu nilichonunua mnadani na kukisifu kwako.

Namfuata kwa baiskeli. ~~Nitarudi naye jioni.~~ Nitamwomba radhi, ingawa sioni neno la kumrudisha mzazi aliyechomewa nyasi zake. Nikirudi peke yangu, usiniulize kitu.

Baba Mushumbusi