Bustani Iliyokatwa kwa Mkasi

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utaninunia huko huko uliko, na leo sitaki mtu aninunie, maana wa kununa ni mimi. Nimewakasirikia watu wa ofisi ya viwanja, nimewakasirikia ndugu zetu, na wewe mwenyewe umo, usijitoe.

Bustani ya mji wanaikata viwanja. Ndiyo, ile ile ya mijakaranda uliyokuwa ukinipeleka Jumapili baada ya misa. Amepatikana mtu anayetaka kujenga maduka. Siku hizi kila kitu ni duka, baba, kila mwenye ukuta ametoboa dirisha anauza sabuni. Hilo sina ugomvi nalo, tulisota vya kutosha enzi za kupanga foleni. Lakini nilipokwenda kuuliza kwa nini wasijenge kwingine, bwana mmoja alinisikiliza huku akichokonoa kucha, akanijibu kwamba pale hapajawahi kuwa na bustani. Ni kichaka tu, eti. Jalada halina kitu, ramani haina kitu.

"Dada, kama palikuwa na bustani, lete picha," akasema.

Nilitoka mle ofisini nikicheka peke yangu. Nikasema kumbe huyu hajui mimi ni mtoto wa nani.

Unakumbuka Oktoba zetu? Mwaka mzima ile kamera yako ya Kirusi inalala sandukuni, imefungwa kwenye kitenge cha mama, kwa sababu mkanda wa picha ulikuwa adimu kuliko sukari. Ulikuwa unaungojea kwa dereva wa lori la ushirika, naye mpaka aende Dar es Salaam na arudi. Maua yakichanua kabla ya mvua, unavaa suruali yako ya ukarani iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, tunakwenda. Ukifika unalala kifudifudi juu ya maua na suruali ile ile, na mama anakugombeza mbele za watu. Halafu watu wanakuja kujipanga. Wanasimama wima, mikono chini, kama wako mstarini shuleni. Na wewe kila mmoja unamwambia neno moja tu: "Rudi nyuma kidogo, na mti uonekane."

Hukumtoza mtu hata senti. Mkanda ukisafishwa na kurudi, unachukua mkasi, unakata negativu, ule mkanda wenyewe unaotolewa picha, kipande kimoja kimoja, na kila mtu unampa picha yake pamoja na kipande chake. Ulisema sura ya mtu ni mali yake, haiwezi kukaa kwenye sanduku la mwingine. Basi vile vipande watoto wa mtaa walivitumia kutazamia jua. Nimefungua sanduku lako, baba. Kuna kitenge na kamera. Miaka yote ile ya kulala kifudifudi, na hukubakiza hata picha moja. Nilikaa sakafuni nikakulaumu kwa sauti mpaka mama akaja kuchungulia.

Ikabidi nianze kuzunguka. Nilianzia Maposeni kwa shangazi, dada yako, maana yeye ulimpiga picha kila mwaka. Akanipikia ugali na likolo, mboga zetu za majani, akaniteremshia fremu yake ya ukutani. Ndani ya kioo kimoja amebananisha ukoo mzima, zaidi ya watu ishirini, na ili waenee amewakata wote kwa mkasi wa kushonea. Vichwa na mabega, basi. Nikamuuliza miti iko wapi.

"Miti ya nini, mwanangu?" akaniuliza. "Si tunayo hapo nje?"

 Nikamaliza likolo, nikaaga. Na kila nyumba niliyokwenda ilikuwa hivyo hivyo. Rafiki yako aliyekuwa akipima mahindi ghalani amejikata duara, kama kifuniko cha chupa. Hata mama, mke wa mpiga picha, amejikatia mpaka kiunoni. Wiki tatu nilitembea kwa miguu, na mji mzima nikaukuta umekata bustani ukabakiza nyuso. Hakuna aliyefanya ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana sikuwa na wa kumgombeza.

Jumanne iliyopita nikafungua kitabu changu cha zamani cha nyimbo za kanisani, picha ikadondoka.

Unaijua. Siku ya kipaimara changu, nina miaka kumi na miwili, gauni jeupe, viatu vipya vinabana. Mkanda ulikuwa umebaki na picha moja. Ukanisimamisha chini ya mti wa getini, ukarudi nyuma, ukarudi tena, mpaka ukafika barabarani. Picha ilipokuja baada ya miezi mingi, ilikuwa miti, benchi, geti na kibao chake chenye jina la bustani, na pembeni kabisa kitu cheupe ukubwa wa punje ya hindi. Nililia. Nikakwambia umeniharibia siku yangu. Na wewe kwa ubishi wako: "Kwani hukutokea? Si huyo hapo?" Wiki nzima sikukusemesha, na picha nikaificha humo kitabuni.

Niliikimbiza ofisini. Yule bwana akaitazama mpaka akasahau kucha zake. Kibao kinasomeka, miti inahesabika.

"Hiki cheupe ni nini?" akauliza.

"Ni mimi."

Wamesimamisha kazi, baba. Nusu iliyobaki haitaguswa, wamenipa kwa maandishi. Lakini ule upande wa geti ulikuwa umekwisha kufyekwa asubuhi ile ile, na mti wangu umo. Wiki tatu nilizunguka nyumba za watu kutafuta kitu kilichokuwa chumbani kwangu, kwa sababu ya kinyongo cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Hapo simlaumu mtu. Najilaumu mimi, na inauma.

Wakataka picha ibaki kwenye jalada. Nikawaambia majalada yenu nimeyaona, mlete mpiga picha wenu aje ainakili mbele yangu.

Jumapili nilichukua kamera yako. Mikanda sasa imejaa madukani, inaning'inia kama peremende. Mama mmoja na wanawe wakaomba niwapige picha. Nikawaambia warudi nyuma kidogo. Wakakataa, eti watatokea wadogo. Nikafoka, baba, nikafoka mpaka nikaona aibu. Wakarudi. Picha yao nitawapa. Negativu nabaki nayo.

Pumzika. Maua yameanza kudondoka upande uliobaki.

Ni mimi binti yako, kile cheupe cha pembeni.