Kanga Iliyofunguka Ufukoni

Likombe, Mtwara

Mjukuu wangu Somoe,

Huku kwetu hatujambo. Mikorosho imeanza kutoa maua, na babu yako anakohoa kidogo lakini bado anagombana na kuku.

Umeniuliza kuhusu ile hadithi ya Wagiriki mnayosoma chuoni: yule binti aliyewashinda wanaume wote mbio, kwa nini aliinama kuokota matunda ya dhahabu mpaka mchumba akampita? Alikuwa mjinga?

Sidhani. Nilipokuwa msichana tulishindana mbio mchangani pale Ufukoni. Nilivaa kanga juu ya sketi, kwa kuwa mwali aliyetoka unyagoni hakukimbia bila kanga. Nilikuwa mbele ya wote, hata wavulana. Kanga ikafunguka. Kina mama wakapiga kelele, "We mwali, kanga!" Nikainama. Nilipoinuka, wenzangu walikuwa wameshafika.

Nyumbani nilisifiwa kwa adabu. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kushinda.

Nilitaka, Somoe.

Jumamosi mama yako anakuja huko kukutazama ukikimbia kwenye mashindano ya chuo. Nimempa kanga yangu. Ataishika yeye. Wewe kimbia tu.

Bibi yako